Tano-Tisa ya Adabu

Majengo, Moshi,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mama yangu,

Shikamoo, na assalaam alaykum wewe na wote waliomo nyumbani. Nakuuliza hali ingawa jibu lako nalijua kabla sijaandika. Umeamkaje huko Nachingwea? Mdogo wangu Shaibu hajambo? Paa la jiko liko tayari kwa mvua? Mimi binti yako sijambo kabisa. Nakula, nalala, kazini nakwenda, na baridi ya huku nimeizoea hata sasa navaa sweta moja badala ya mbili. Mdogo wako, Mama mdogo Zubeda, naye hajambo. Ameniagiza niandike kwamba ule unga wa muhogo uliotuma umekwisha, na walioumaliza ni watoto wa jirani, si yeye. Mimi sikumwona mtoto wa jirani hata mmoja, lakini nimeandika kama nilivyoagizwa.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe hatuzungumzi, tunasalimiana tu. Nakuuliza hali, unasema "sisi wazima." Unaniuliza kama nimekula, nasema nimekula. Kisha unasema tusimalize vocha, unakata. Karatasi haina vocha, Mama. Kwa hiyo vaa miwani, kaa mahali penye mwanga, isome mwenyewe mpaka mwisho, maana huko mwisho kuna jambo nakuuliza na nahitaji jibu kabla mwezi huu haujaisha.

Ni habari ya ule ufadhili wa masomo niliokudokeza baada ya Iddi. Siku ile ulisema Mungu atajaalia, kisha ukaniuliza kama kuongea redioni kuna mshahara. Sikukujibu vizuri, kwa kuwa ulikuwa umeshaanza kuihurumia vocha. Acha nikueleze sasa.

Redio ninayoizungumzia si ile ya taarifa ya habari. Ni chombo cha kusema na kusikia. Mtu anasomea, anafanya mtihani, mamlaka ya mawasiliano inampa leseni na jina lake la hewani lenye herufi na namba. Kisha anafunga waya mrefu juu ya miti, ndio antena, anazungumza na watu wa nchi nyingine wenye leseni kama yake. Hakuna mshahara, na hairuhusiwi kufanyia biashara. Ndiyo maana tunaiita redio ya ridhaa, kama vile watu wanavyosema ngumi za ridhaa. Unapiga kwa kuwa umependa.

Mimi niliingia humo kwa umbea. Unajua kazi yangu hapa mjini ni kwa fundi wa simu na redio. Mwaka juzi ililetwa redio moja kubwa nyeusi, fundi wangu akasema ana simu nyingi za kumaliza, nikitaka niiangalie mimi. Nikaifungua, nikakuta fyuzi imeungua na waya mmoja umeachia. Nikarekebisha. Mwenyewe alipokuja na kuikuta inawaka, hakusema asante. Aliuliza, "Nani ameigusa?"

Huyo ndiye Mzee Kasiani. Ni mkulima wa kahawa na migomba kule Mwika, mlimani, lakini kabla ya kustaafu alikuwa mtu wa chumba cha redio katika hospitali moja ya misheni, kazi yake kuita magari na zahanati za mbali. Alipostaafu akaona kimya kinamuumiza, akachukua leseni ya ridhaa. Ni mkali, na sifa haimtoki mdomoni ila kwa kuvutwa. Ungempenda. Mkewe, Bibi Paulina, anasema mzee huyu ameshaongea na dunia nzima isipokuwa majirani zake.

Alinifundisha Jumamosi baada ya Jumamosi. Nashuka kwenye gari pale Mwika, napanda kwa miguu katikati ya migomba na mibuni, nafika kihambani kwao, ndilo shamba la nyumbani, nimelowa ukungu, na Bibi Paulina ananipa bakuli la mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka zikawa za kunywa. Mara ya kwanza nilidhani wananiona mgonjwa. Sasa siku nisipoenda naukumbuka. Mbege, pombe yao ya ndizi, hawanipi, wanajua mimi ni Mwislamu, lakini kila mara Bibi Paulina anaomba radhi kwa sababu ya mbege iliyopo jikoni, utadhani ni mwanawe aliyekosa adabu mbele ya wageni. Basi nikasoma, nikafanya mtihani, nikapata leseni yangu.

Sasa kuna desturi moja lazima nikueleze, maana bila hiyo hutaelewa lililonipata. Watu wawili wakikutana hewani, kabla ya mengine yote, kila mmoja anampa mwenzake namba mbili za jinsi anavyomsikia. Namba ya kwanza ni ya uwazi wa maneno, moja mpaka tano. Moja, hupati neno. Tano, unapata kila kitu. Namba ya pili ni ya nguvu ya sauti, nayo inafika tisa. Kwa hiyo anayesikika vizuri kupita wote anaambiwa tano-tisa. Namba hizo zimewekwa ili mtu ajue kama antena yake inafanya kazi au aende akaiangalie. Na mtu akimaliza zamu yake anasema "nasikiliza," anaachia kitufe, ananyamaza.

Lakini binadamu ni binadamu. Wengi wanampa kila mtu tano-tisa, na hapo hapo wanamwambia, "Tafadhali rudia jina lako, sijalipata." Hilo linamtia Mzee Kasiani wazimu. "Kama ni tano-tisa, jina amelipoteza wapi?" huuliza, akiwa ameachia kitufe ili yule mtu asimsikie, kwa hiyo hata yeye ana adabu zake. Anasema ni kama salamu za Wachagga. Mtu anaulizwa "Shimboni?", yaani habari gani, naye anajibu "Shicha," njema, na huku ng'ombe amekufa na upepo umelaza migomba yote. Nikamwambia hata sisi kusini ni hivyo hivyo. Kwetu ni maiti tu ndiye asiyejibu kuwa hajambo.

Ufadhili wenyewe unatolewa na chama kimoja cha watu wa redio ya ridhaa huko Ulaya. Wanachagua vijana wachache wenye leseni, wa nchi mbalimbali, wanawalipia chuo. Mimi niliomba kwa ajili ya chuo cha ufundi Arusha, stashahada ya elektroniki na mawasiliano, miaka mitatu. Wanalipa ada na bweni. Walitaka cheti changu cha kidato cha nne, nakala ya leseni, insha, na barua ya mtu wa redio anayenifahamu. Barua aliandika Mzee Kasiani. Ilikuwa fupi, na sentensi moja ilisema kwamba Somoe hapendi kukunja nyaya baada ya kazi. Nilimwomba aifute, akasema ni kweli au si kweli? Ikaenda hivyo hivyo.

Insha niliandika juu yenu. Niliandika habari ya mwaka ule mvua ilipokata barabara ya kusini na simu zikafa, nikakaa hapa Majengo bila kujua kama mko hai, nikauliza kila dereva anayeshuka kutoka Dar na hakuna aliyejua lolote. Nilisema kama Nachingwea kungekuwa na mtu mmoja tu mwenye redio na betri, ningelala. Sikutia chumvi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Nikapita, Mama. Ikaja barua pepe kwamba nimebakiza usaili. Na usaili wao hawaufanyi kwa simu wala kwa video. Wanaufanya hewani. Wanasema hawawezi kumsomesha redio mtu ambaye hawajamsikia redioni. Majengo haikuwezekana, kwa sababu mafundi wa mageti wakiwasha mashine zao za kuchomelea, redio nzima inatoa mlio wa mafuta yanayokaanga samaki. Kwa hiyo tukapanga niufanyie Mwika, kwa redio ya Mzee Kasiani, Jumamosi alasiri.

Siku hiyo hewa ilikuwa mbaya. Sauti za watu zilipanda kidogo kisha zikazama. Aliyeniita ni mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima anayeitwa Birgit, mwenye sauti ya mtu aliyefundisha watoto miaka mingi. Alinisalimia kwa upole, akanipa tano-tisa, akaniuliza mimi namsikiaje. Mama, nilikuwa napata neno moja, mengine yananipita. Nikasema, "Tano-tisa."

Sijui nikuelezeje. Mdomo ulijibu wenyewe. Mtu mzima ananiita kutoka nchi ya mbali, ananisalimia vizuri, anauliza namsikiaje, mimi nimwambie hasikiki? Hivyo ndivyo ulivyonilea? Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mgeni akipiga hodi kwa sauti mbovu unamkaribisha kwanza.

Basi, kwa kuwa nimemwambia tano-tisa, naye akaongea kama mtu anayesikika. Hakurudia, hakungoja. Katika swali moja nilinasa "antena" na "jirani," nikaeleza kwa kirefu jinsi nilivyofunga waya wangu kwenye mti wa jirani kwa idhini yake. Baadaye nilikuja kujua aliuliza nitafanya nini kama redio yangu inaharibu televisheni ya jirani. Swali la mwisho nilinasa "miaka mitatu" tu. Nikajibu, "Ndiyo, sana, asante." Kisha akasema kitu kifupi, akaaga.

Mzee Kasiani alikuwa ameketi pembeni na spika zake za masikioni. Akazivua taratibu.

"Yule mama umempa ngapi?"

"Tano-tisa."

"Na ulikuwa unamsikia ngapi?"

Nikaanza kukunja waya wa kipaza sauti.

"Mimi nimemsikia mbili-tatu," akasema. "Labda masikio yako bado ya ujana."

"Ni mtu mzima, Mzee. Ningemwambiaje?"

"Si angeongeza nguvu? Si angehama masafa? Si angerudia? Wewe umemfungia mlango, halafu unamwambia karibu ndani."

Bibi Paulina akasema kutoka jikoni, "Mwache mtoto ale kwanza, utamgombeza akishiba." Nikala, na kwa kweli akanigombeza nilipomaliza.

Jumatatu niliandika kwa kamati. Nilisema namba niliyotoa haikuwa ya kweli, kwamba nilimsikia Bi Birgit mbili-tatu, na kwamba nimejibu maswali nisiyoyasikia, kwa hiyo majibu yangu wayatupe. Niliomba nisikilizwe tena ikiwezekana, na isipowezekana wasamehe. Mama mdogo alinisomea begani nikiandika, akashika kichwa. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akasema. "Mtu hata hajakupa, unamwambia sauti yake haifai?" Nikabonyeza kutuma kabla hajaninyang'anya simu.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Bi Birgit alishukuru. Aliandika kwamba walikuwa wamejiuliza sana juu yangu, kwa sababu walipouliza kama kuna jambo lolote linaloweza kunizuia kumaliza miaka mitatu, nilijibu: ndiyo, sana, asante. Mama mdogo alicheka mpaka akajifunika khanga usoni. Mimi nilicheka baadaye sana. Wakanipa Jumamosi nyingine.

Katikati hapo, Mama, ndipo nilipompigia Shaibu.

Nilimpigia kwa habari za kawaida. Akaanza kulalamika, unamjua, akasema korosho za mwaka huu ameziokota peke yake mpaka mgongo umekufa. Nikamwuliza, peke yako kwa nini, Mama yuko wapi? Akasema, "Mama yupo, anapumzika." Nikamwuliza anapumzika tangu lini. Mtandao ukakatika. Mimi nafanya kazi na simu, Mama, na najua jinsi mtandao unavyokatika. Haukatiki mtu akiulizwa swali.

Nikamfuata Mama mdogo. Alikuwa mlangoni anachambua mchele wake wa Mabogini anaouza kwa jirani. Nikamwuliza, Mama ana nini? Hakusema hajui, wala hakusema anajua. Aliinamia ungo, akaendelea kuokota mawe, na mchele ule ulikuwa safi, nauona. Wewe ni dada yake, ukimkataza jambo atakaa kimya mpaka mwisho. Lakini uongo hajawahi kuuweza. Siku ile alisahau hata kunijibu nilipomuaga.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilihesabu simu zetu zote tangu msimu wa korosho uanze, na katika zote ulisema sisi wazima. Nilikukasirikia, nakwambia ukweli. Nilikukasirikia barabarani, kazini, nikavunja kioo cha simu ya mteja kwa ajili yako. Halafu nikakumbuka ni nani aliyesema tano-tisa kwa sauti tamu wiki moja kabla, hasira ikakosa pa kukaa.

Jumamosi ikafika, nikapanda Mwika. Bi Birgit akaita, na hewa ilikuwa mbaya vile vile. Akauliza namsikiaje. Nikashika kitufe, nikasema, "Bi Birgit, nakupa mbili-nne. Maneno mengi siyapati. Naomba tuhame masafa." Nilijiona kana kwamba nimemtukana mama mkwe. Yeye akacheka. Akasema nami ni tatu-nne, na kwamba mara ya kwanza alinipa tano-tisa kwa mazoea tu, nusu ya hadithi yangu ya mti wa jirani hakuipata. Kwa hiyo tulikuwa wawili, Mama, kila mmoja amemstahi mwenzake na hakuna aliyesikia kitu. Mzee Kasiani alipiga paja lake kwa furaha mpaka chai ikamwagika.

Tukahama, tukangoja, tukahama tena. Polepole sauti yake ikapanda, ikatulia. Nikampa tano-saba, na ilikuwa tano-saba kweli. Akauliza maswali yote upya. La jirani na televisheni nikasema nitazima redio kwanza, niende kwake nimsalimie, kisha nitafute kosa liko wapi. Akapenda. Kisha akauliza lile la mwisho, nikalisikia neno kwa neno: kuna jambo lolote linaloweza kukuzuia kumaliza miaka mitatu?

Nilikuwa nimeandaa jibu tangu wiki ile. Hakuna. Kwa Kiingereza ni neno fupi tu. Nikabonyeza kitufe.

Nikasema, "Lipo. Ni mama yangu. Sijui hali yake. Kila nikimuuliza, ananipa tano-tisa."

Nikaachia kitufe. Nilijua nimejimaliza. Kisha akarudi, akaongea taratibu. Akasema nafasi ni yangu, kamati imeridhika. Lakini akasema niulize nyumbani kwanza, niulize vizuri, na niwajibu kabla mwezi haujaisha. Nikisema nakubali, basi. Nikisema nahitaji kukaa nyumbani mwaka mmoja, atawaomba wenzake wanishikie nafasi, ila hilo hawezi kuniahidi. Hakunipamba wala kunipa pole. Alisema "nasikiliza," akaachia.

Nikamshukuru, tukaagana. Mzee Kasiani alitoka nje akazikunja nyaya mwenyewe, wala hakuniita.

Kwa hiyo hapo ndipo tulipofika, na sasa nakuuliza.

Nakitaka chuo hiki, Mama. Sijawahi kutaka kitu hivi. Sisemi ili kukulazimisha, nasema kwa sababu nikikuficha hili nitakuwa narudia kosa. Lakini siwezi kwenda kukaa darasani miaka mitatu nikijifunza kusikia watu wa mbali, na wewe ukawa umelala ndani Shaibu amekatazwa kusema. Nikija kujua baadaye, sitakusamehe wewe wala mimi. Ipo ile methali ya mficha maradhi. Mwisho wake unaujua, siuandiki.

Basi fanya hivi. Chukua karatasi, uniandikie namba moja tu, ile ya kwanza, moja mpaka tano. Tano ni kwamba unakwenda shamba, unachota maji, unainuka kitandani bila kujishika popote. Nne, unaumwa lakini kazi unafanya. Tatu, siku za kupumzika ni nyingi kuliko za kazi. Mbili, unatoka nje kwa kushikwa mkono. Moja sitaki kuieleza, lakini ipo, na kama ndiyo uiandike. Chini yake, ukiweza, andika unaumwa wapi.

Ukiandika nne, nitakwenda chuo na nitakupigia kila Ijumaa, nawe utanipa namba badala ya salamu. Ukiandika tatu, nimeshazungumza na Mama mdogo, uletwe huku Moshi utibiwe, ukae kwake. Mimi nitakuwa Arusha, napanda basi, napita Bomang'ombe, nimeshafika kwako mchana ule ule. Ukiandika mbili, nakuja mimi, na chuo kitangoja au kitanipita, nitajua la kufanya. Na ukiandika tano, kisha nikamwuliza Shaibu akanyamaza, nakuja vile vile, na nitakuja nimenuna.

Usiogope kwamba namba ndogo itaniharibia maisha. Najua ndilo unaloliogopa. Mimi niliogopa hilo hilo, nikamficha mtu namba ndogo ili nisimuudhi, na nusura ninyimwe kila kitu. Nilipomwambia mbili-nne alihama masafa, akarudia, tukasikilizana. Nataka na mimi nipewe nafasi ya kuhama.

Na haki ni haki, siwezi kukuuliza wewe nikajificha mimi. Kule juu nimeandika kwamba sijambo kabisa. Ile ilikuwa tano ya adabu. Mimi ni tatu, Mama. Chakula kinabaki sahanini, na Mama mdogo hanigombezi, ndipo najua mambo si mazuri. Juzi nimeunguza kidole kazini kwa kuwaza. Nimekukumbuka mno, na hilo sijawahi kukwambia kwenye simu, kwa sababu huwa unakata kabla sijafika hapo.

Nisalimie kwa Bibi, mama yake marehemu baba, mwambie ile tumbaku ya kunusa nitamletea. Nisalimie kwa mjomba Athumani anayetuangalizia shamba la mpakani, na kwa shangazi Mwanahawa na mtoto wake, ambaye nadhani sasa anatembea. Shaibu mwambie sina neno naye, ulimi wake umeteleza vizuri, na mgongo ukimuuma ajikande kwa maji ya moto.

Mzee Kasiani na Bibi Paulina wanakusalimu ingawa hamjaonana. Bibi Paulina yuko mbioni, Desemba inakaribia na watoto wake wote watapanda nyumbani kwa Krismasi. Amenambia mwaka huu atawauliza kila mmoja "Shimboni," na atakayejibu "Shicha" upesi upesi hapewi ndafu, yule mbuzi wao wa kuchomwa mzima, mpaka aseme ukweli. Amekufungia kahawa kidogo ya shambani kwao, nimeiweka pamoja na barua hii kwa dereva.

Mama mdogo Zubeda anakusalimu sana. Nilipomwambia naandika nini, aliweka ungo chini, akasema niongeze maneno haya, kama alivyoyatamka: "Mwambie dada nimechoka kuokota mawe ambayo hayamo."

Mimi mwanao,
Somoe.

Nasikiliza.